Mercedes ya Mtumba Isikunywe Mshahara: Hatua za Kupunguza Esansi

Hapa Lubumbashi mtu akinunua Mercedes, majirani hawamuulizi bei. Wanamuuliza, "Na esansi utaiweza?" (Esansi ndiyo petroli.) Mimi niliulizwa na mama mkwe, mbele ya watu, siku ileile gari lilipoingia uani kutoka mpakani Kasumbalesa likiwa bado na vumbi jekundu la njiani. Nilicheka. Wiki mbili baadaye nilikuwa natembea kwa miguu kwenda kununua mkate.

Gari lenyewe ni E 240 ya umbo la W211, lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2002. Injini ni V6 ya lita 2.6, gia tano za otomatiki. Nilipolipima mara ya kwanza kwa utaratibu, lilikula lita 18 kwa kilomita 100 hapa mjini. Leo linakula kati ya 13 na 14 mjini, na chini kidogo ya 10 nikienda Likasi. Injini ni ileile, na sijamimina dawa yoyote kwenye tangi.

Halitakuwa Vitz kamwe, hilo tulimalize mapema. V6 inayobeba zaidi ya tani moja na nusu ina haki yake ya kula. Lakini zile lita nne na nusu zilizopungua hazikuwa haki ya injini. Zilikuwa zinapotea kwa kazi mbovu za mafundi waliotangulia na kwa mguu wangu mwenyewe. Hatua zilizo hapa zinaanza na za bei rahisi, maana mimi nilianza na ya bei ghali na nikajuta. Mwenye Lexus RX, BMW X5 au Range Rover anaweza kufuata njia hiyohiyo. Kinachobadilika ni idadi ya vipuri na mahali vilipojificha.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kushika spana

Watu wengi hupima esansi kwa pesa: "Naweka franka kadhaa, inaisha Jumatano." Hicho si kipimo. Bei inabadilika, wiki haifanani na wiki, na mshale wa tangi ni mwongo hasa ukikaribia chini.

Fanya hivi. Jaza tangi kwenye kituo mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe mara ya kwanza; usiendelee kubanabana. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea maisha yako ya kawaida, mitaa ya Kenya na Golf, kanisani, sokoni, mpaka tangi lipungue zaidi ya nusu. Rudi kituo kilekile, pampu ileile ukiweza, ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizokula. Zigawe kwa kilomita, zidisha kwa 100. Mimi niliweka lita 52 baada ya kilomita 289: hiyo ni 18 kwa mia.

Rudia mara tatu kabla ya kuamini. Tangi moja linaweza kudanganya kwa sababu ya siku moja ya foleni au safari moja ya barabara kuu. Kompyuta ya dashibodi ya W211 nayo huonyesha wastani, na ni nzuri kwa kulinganisha leo na jana, lakini yangu hujisifu: huonyesha pungufu kuliko pampu.

Kipindi chote cha kupima, waache Kadhafi, yaani wauza esansi wa mtaani. Sina ugomvi na wale vijana wa bidoni pembeni ya barabara; usiku vituo vikifungwa ndio waliotuokoa wengi. Lakini chupa haina kipimo cha kuaminika, na hujui ndani kuna nini. Esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini igonge. Sensa ya kugonga ikisikia, kompyuta huchelewesha cheche, nguvu hupungua, nawe unakanyaga zaidi. Ukipima kwa esansi ya aina hiyo utakuwa unatibu ugonjwa wa bidoni kwenye injini isiyo na kosa.

Jambo moja zaidi kwenye hesabu: kama mwenye gari wa kwanza aliweka rimu kubwa na matairi yenye mzingo tofauti na ule wa kiwandani, kihesabu cha kilomita hakisemi kweli. Linganisha na GPS ya simu kwenye kilomita 20 za barabara nyoofu, njia ya Kipushi inatosha, ujue tofauti ni asilimia ngapi.

Hatua ya 2: Ongea na kompyuta ya gari

Nunua skana ndogo ya OBD ya Bluetooth, ile inayochomekwa chini ya dashibodi upande wa dereva na kusomwa na programu ya simu. Ni kifaa cha bei ndogo, na ukikitumia mara moja tu kimejilipa. Usiridhike na kusoma misimbo ya makosa na kuifuta. Kufuta msimbo ni kama kuzima redio inapotangaza habari mbaya. Angalia vitu vitatu gari likiwa linatembea.

Cha kwanza ni joto la maji ya injini. Baada ya dakika 15 hivi za kuendesha linapaswa kuwa limefika kati ya nyuzi 85 na 95, na likae hapo.

Cha pili ni marekebisho ya mafuta, hasa ya muda mrefu, yanayoandikwa kwa asilimia. Kompyuta ina hesabu yake ya esansi ya kupuliza. Kisha inanusa moshi na kurekebisha. Ikiwa karibu na sifuri, juu au chini kwa 5, injini iko salama. Ikipita +10, kompyuta inaongeza esansi kwa sababu inaona hewa nyingi isiyo kwenye hesabu. Ikishuka chini ya −10, inajitahidi kupunguza esansi inayozidi. V6 ina pande mbili, kwa hiyo utaona namba mbili. Upande mmoja ukiharibika peke yake, tayari umejua pa kutafuta.

Cha tatu ni misimbo ya cheche kukosa kwenye silinda. Iandike yote kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 3: Ulizia themostati ilipo

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa yangu nyingi ilipokuwa inapita.

Skana yangu, baada ya dakika 20 za kwenda upande wa Kasapa, ilisema maji yako nyuzi 61. Nilidhani ni ya kichina inadanganya. Nikaazima ya rafiki: 60. Nikarudi kwa garaji iliyolipokea gari lilipofika mjini, nikauliza. Kijana akajibu bila wasiwasi hata kidogo: "Patron, ile tuliitoa. Ile ni ya baridi ya Ulaya. Huku kwetu gari inachemka." Ilikuwa Juni, saa moja asubuhi, na wote wawili tulikuwa tumevaa makoti.

Wasiojua wajue: themostati ni kizibo chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya kwenda kwenye rediata, maji yanazunguka ndani tu na kupata moto haraka. Kwenye V6 hii kinaanza kufungua nyuzi 87. Ukikitoa, maji yanakwenda rediata tangu sekunde ya kwanza na injini haifiki kamwe kwenye joto lake. Kompyuta nayo inaamini injini haijaamka, kwa hiyo inaendelea kupuliza esansi ya ziada kama afanyavyo mtu anayewasha makaa yenye unyevu. Oili inabaki nzito. Gia za otomatiki zinachelewa kupanda. Mambo haya yote yanalipwa kwenye pampu, na katika miezi ya baridi, Juni na Julai, yanalipwa zaidi.

Lililonishangaza ni kwamba kuitoa hakuponyi hata huo mchemko. Themostati ya aina hii ina sahani mbili. Ya juu ikifungua njia ya rediata, ya chini inafunga ile njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwa hiyo asubuhi gari ni baridi, na mchana kwenye foleni sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita kupoa. Umepoteza pande zote mbili.

Mzee mmoja fundi wa Kamalondo, ambaye sasa ndiye pekee anayefungua boneti yangu, alinifundisha kupima themostati kabla ya kuifunga, hata iwe mpya, maana za kopi zimejaa. Aliweka sufuria ya maji kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, akaitumbukiza themostati kwa waya isiguse chini, na kando yake kipimajoto cha jikoni. Tukakaa tunatazama kama watu wanaosubiri bukari (ugali). Kwenye 86 au 87 ikaanza kufunguka taratibu. "Sasa weka," akasema. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yetu yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo usishangae kipimajoto kikigoma kufika 100; kwa jaribio hili inatosha.

Kama kweli gari lilikuwa linachemka, tafuta sababu: rediata iliyozibwa na vumbi na wadudu kwa nje, feni isiyowaka, kifuniko kisichoshika shinikizo, au maji ya kisima yaliyoacha ukoko mweupe ndani kama ule wa birika. Weka maji ya rediata yanayostahili, yaliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, hata kama fundi anafanya hivyo kila siku kwa kitambaa.

Themostati peke yake iliniteremsha kutoka 18 hadi karibu 16.

Hatua ya 4: Hesabu buji mwenyewe

Buji, zile ambazo ndugu zetu wa Tanzania wanaziita plagi, huchakaa polepole mpaka dereva anazoea. Muulize fundi alibadilisha ngapi.

V6 ya kizazi hiki cha Mercedes, ile inayoitwa M112, ina buji mbili kwa kila silinda. Jumla ni 12. Mimi niliuziwa sita, nikalipa kazi ya sita, nikaambiwa gari sasa ni jipya. Kijana wa watu hakuwa mwizi. Alipiga hesabu iliyo sahihi kwa karibu kila V6 nyingine duniani. Zile sita zilizobaki zilikuwa bado ndani na ncha zao zimeliwa, na skana ilikuwa inaonyesha cheche zinakosa silinda ya pili na ya tano.

Fungua injini ikiwa imepoa. Toa moja, weka mpya, nenda nyingine, ili nyaya zisichanganyike. Buji zikitolewa zipange kwenye kadibodi kwa namba ya silinda na uzisome. Rangi ya kahawia nyepesi ni afya. Masizi meusi makavu yanasema esansi inazidi kwenye silinda hiyo. Weusi wenye mafuta unasema oili inapenya, na hilo ni tatizo lingine la bei nyingine. Angalia pia nyaya fupi za buji. Zikiwa na nyufa, cheche inarukia kwenye chuma cha injini. Usiku, injini ikiwashwa gizani, wakati mwingine unaiona kwa macho, ya bluu.

Hatua ya 5: Hewa ya wizi, debimeta na sonda

Namba za marekebisho zikiwa zimepanda juu ya +10 kwa pande zote mbili, anza na mipira. Injini za umri huu zina mipira midogo ya kupumulia inayotoka kwenye vifuniko vya juu kwenda kwenye njia ya hewa. Joto huikausha mpaka inapasuka kama soli ya kiatu. Hewa inayopita hapo haikupita kwenye debimeta, yaani sensa inayopima hewa inayoingia, kwa hiyo haimo kwenye hesabu. Nyunyizia maji ya sabuni polepole kwenye viungo injini ikizunguka bila mzigo: mlio ukibadilika, umepata tundu. Kuna mafundi wanaofanya jaribio hili kwa kupuliza esansi. Wakimbie, nyusi zako ziko hatarini.

Mipira ikiwa mizima, ifuate debimeta yenyewe. Ikichafuka husoma pungufu au zaidi ya kweli. Kuna dawa maalumu ya kuisafishia. Usitumie ile ya kusafishia kabureta, na usiguse kile kiwaya cha ndani kwa kidole wala pamba. Ukihitaji kununua, mimi ningechukua ya asili iliyotolewa kwenye gari lililogongwa kuliko mpya ya kopi. Nilinunua kopi moja. Gari likawa linazima kila rompwa (mzunguko wa barabara), na esansi haikushuka hata nusu lita.

Mwisho wa njia kuna sonda za lambda, zile zinazonusa moshi. V6 hii ina nne: mbili kabla ya katalaiza, kile kisafisha moshi, na mbili baada yake. Zinazoamua esansi ni zile za mbele. Sonda iliyozeeka haifi ghafla, inakuwa mzito wa kujibu, na kompyuta isiyo na uhakika huelekea kupuliza zaidi. Wizara ya nishati ya Marekani huwaambia wenye magari kwamba sonda iliyoharibika kabisa ikibadilishwa inaweza kuongeza umbali kwa kila lita, hata kwa asilimia 40. Huo ni upeo wa mgonjwa mahututi. Yangu haikunipa hayo. Ilinipa lita moja hivi kwa mia, nikashukuru.

Kuhusu katalaiza yenyewe: wapo watakaokushawishi itolewe ili "gari ipumue". Jiulize kwa nini wanataka kuitoa bure. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kile chuma kikitoka garajini kwako kinauzwa kwa dola. Wewe unabaki na kelele, harufu na taa ya injini inayowaka daima, kiasi kwamba kosa la kweli likija hutalijua. Esansi haishuki. Kama katalaiza imeziba kweli, gari litakuwa halina nguvu kabisa kwenye mwendo, na hapo ndipo inashughulikiwa.

Hatua ya 6: Matairi na breki

Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi la esansi. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, kwa sababu vile vya pembeni ya barabara vimeanguka mara nyingi kuliko tunavyojua. Kupungukiwa na nusu bar kwenye matairi yote kunakula kama asilimia moja hadi mbili ya esansi. Ni kidogo, ila ni bure.

Breki inayokamata ni mbaya zaidi na watu hawaifikirii. Tembea kilomita tano kwa utulivu, simama bila kufunga breki kwa nguvu, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ikiwa moja ina joto kali kuliko nyingine, kalipa, kile kinachobana pedi za breki, imeshika.

Tahadhari kwa wenye W211 zilizotengenezwa kabla ya katikati ya 2006: nyingi zina breki za umeme zinazoitwa SBC. Pampu yake hujiamsha yenyewe hata gari likiwa limezimwa, kwa kufungua mlango tu, na kuibana breki kwa nguvu inayoweza kumvunja fundi vidole. Kabla ya kutoa pedi, mfumo huo lazima uzimwe kwa skana inayoujua. Fundi akikwambia hajawahi kusikia jambo hilo, mpe mkono, msalimie, uondoke na gari lako.

Hatua ya 7: Oili

Kwa ufupi. Injini hii inameza takribani lita nane, na kitabu chake kinataka oili nyepesi ya sintetiki, kama 5W-40 yenye kibali cha Mercedes. Ukiimwagia 20W-50 kwa sababu "gari ni la zamani", unaifanya isukume asali kila asubuhi. Tofauti ni asilimia moja au mbili. Oili ya giaboksi nayo ibadilishwe kila kilomita 60,000 hivi, licha ya wanaosema ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi.

Na kama gari limekwama gia ya pili na halipandi, usiliendeshe hivyo wiki nzima ukilalamikia esansi. Giaboksi hiyo ya gia tano ikiona kosa la umeme hujifungia gia ya pili kwa usalama wake. Zima, subiri, washa. Likirudia, ni kazi ya fundi wa umeme, na mara nyingi ni bamba la umeme lililo ndani ya giaboksi. Giaboksi nzima haijafa.

Hatua ya 8: Mguu

Baada ya vipuri vyote nilikuwa kwenye 14 na nusu. Kilichobaki kilikuwa chini ya kiatu changu.

Karibu na mkono wa gia kuna kitufe chenye herufi S na C. Weka C. Gari litaondokea gia ya pili na kupanda gia mapema. Halitakuwa na ule mruko wa kuwaonyesha watu wa taksi pale kwenye taa, na hiyo ndiyo maana yake.

Tazama mbali. Ukiona lori limesimama mbele mita 200, ondoa mguu sasa hivi na uache gari lijisukume likiwa kwenye D. Katika hali hiyo, mguu ukiwa juu na gia imeingia, kompyuta hukata esansi kabisa: magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Wenzetu wengi wakiona mteremko wanatupa gia kwenye N wakidhani wanaokoa. Kinyume chake: kwenye N injini lazima ijilishe ili isizime, na wewe umepoteza breki ya injini. Hili nimebishana nalo na shemeji yangu kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, kilomita 120, mpaka nikampa simu yenye skana aangalie mwenyewe mafuta yakisoma sifuri kila nilipoinua mguu.

Barabara hiyohiyo ya Likasi ilinifundisha mwendo. Upinzani wa upepo hupanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 90 kwenda 120 kwa saa, upepo unaousukuma unaongezeka kwa karibu asilimia 78. Kwenye 90 nilipata 9.4 kwa mia. Safari ya kurudi, nikiwa na haraka ya msiba, nilikimbia 120 palipowezekana na kupunguza ghafla nyuma ya malori ya shaba: 12.1. Tulifika dakika 17 mapema, na tukasubiri wengine.

Halafu kuna kusimama na injini inawaka. Umeme ukikatika mtaani, wengi tunakaa garini jioni kuchaji simu na kusikiliza mpira. V6 ya namna hii ikizunguka bila kwenda popote inakula karibu lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa inazidi. Dakika 90 za mpira, na mapumziko yake, ni karibu lita mbili zilizokwenda bila gurudumu kuzunguka. Nunua betri ya kuchajia simu.

Toa pia mizigo ya buti. Kwangu kulikuwa na sanduku la spika, bidoni mbili za maji na mfuko wa saruji ambao hakuna aliyekumbuka ni wa nani. Kila kilo 45 hivi ni kama asilimia moja.

Vya kutonunua

Kile kidubwasha kinachochomekwa kwenye OBD na kudai "kinajifunza" mwendo wako ili kupunguza esansi: nilikifungua kimoja, ndani mna taa ndogo na kitu cha kuiwasha, basi. Sumaku za kufunga kwenye mpira wa esansi: acha. Dawa za tangi za kuongeza kilomita: acha pia, isipokuwa dawa ya kusafisha vipulizio pale skana na buji zinapoonyesha kweli vimechafuka.

Chujio cha hewa kinahitaji maelezo, maana kila fundi hukitaja kwanza. Kwa vumbi letu la kiangazi kibadilishe mapema, tena mara nyingi, ili mchanga usiingie kwenye silinda. Lakini usitegemee esansi ishuke. Enzi ya kabureta ndiyo ilikuwa hivyo. Kwenye injini inayopima hewa yake, chujio kichafu hunyima nguvu zaidi kuliko kinavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta hupunguza esansi kulingana na hewa inayopata.

Hatua ya 9: Pima tena

Baada ya kila badiliko moja, si mabadiliko matano kwa pamoja, jaza tangi, rudia hesabu ya hatua ya kwanza, andika tarehe, kilomita, lita na kilichobadilishwa. Daftari langu linakaa kwenye droo ya mbele, na mama mkwe amekwisha kulisoma. Aliangalia mstari wa 13.6, akaangalia ule wa 18, akauliza kama ile tofauti ya miezi yote iliyopita naweza kumpa yeye.